Kaizari Kavaa Shuka Zangu

Tangu kikundi cha maigizo kihamie uani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, ukiuliza mbuzi ya kukunia nazi iko wapi unaambiwa iko Roma, Brutus kaikalia. Mlango wa chooni uling'olewa ukawa lango la ngome, na sisi wenye nyumba tukabaki kubisha hodi kwenye pazia.

Wenyewe ni watu wenye kazi zao nyingine. Mume wangu ni fundi friji. Kuna muuza samaki, dereva wa bodaboda, wauguzi wawili wanaopokezana zamu, na vijana wa mtaani ambao huongezeka kila panapopikwa. Mwongozaji ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mtu wa heshima zake, anayeamkiwa na mtaa mzima. Hakuna anayelipwa. Gharama zinatoka mifukoni mwao, na mifuko ikiwa mitupu macho hugeukia kabati langu.

Mwalimu aliamua msimu wote uwe wa kazi kubwa, zile ambazo watu walizisoma shuleni wakazisahau walipotoka kwenye chumba cha mtihani. Kwa nini uani kwetu? Kuna mwembe, kuna ukuta wa kuegemeza mandhari, na mume wangu hakuniuliza.

Walianza na Kaizari wa Nyerere. (Ilibidi tukubaliane mapema kwamba "Mwalimu kasema" ni huyu wetu, na yule wa Butiama aitwe Baba wa Taifa, la sivyo mazoezi yasingeisha.) Kila nikifikiri hushangaa: mtu anaongoza nchi changa, halafu usiku anakaa na Shakespeare. Lakini alikaa, na *Julius Caezar* ikatoka mwaka 1963 akiwa Rais. Wala hakuridhika nayo. Akairudia, akasahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Kwa msomaji hiyo ni bidii ya kusifiwa. Kwa kikundi kisicho na fedha ni mtihani, maana Mwalimu alikuwa na nakala yake ya zamani iliyotafunwa na mende pembeni, na vijana wakaleta fotokopi za toleo la pili. Katika mazoezi Cassius akawa anasubiri maneno fulani ndipo ajibu, Brutus anasema mengine, basi wote wawili wanakaa kimya wakitazamana, kila mmoja akidhani mwenzake kasahau.

Warumi hujitanda nguo nyeupe. Kabatini kwangu mlikuwa na shuka nyeupe pea mbili, zawadi ya harusi kutoka kwa shangazi yangu wa Pangani, ambazo nilikuwa nikizitandika Idi kwa Idi. Mume wangu ndiye aliyepewa Kaizari, kwa sababu ya kitambi na kwa sababu ua ni wake.

"Mke wangu, ni saa mbili tu," akasema.

"Na damu je?"

"Damu ya kuigiza haishiki."

Damu hiyo ilipikwa jikoni kwangu. Rozela kavu, maji kidogo, na sukari nyingi, vikachemshwa mpaka mwiko ukawa mzito. Sukari ya nini? Mmoja wa wale wauguzi alisema bila sukari damu itachuruzika kama maji na watu hawataamini, na nani atabishana na muuguzi kuhusu damu? Ilitakiwa nyingi. Wanahistoria wa kale wanataja majeraha 23 mwilini mwa Kaizari, Shakespeare akayafikisha 33, na Mwalimu akakataa kupunguza hata moja.

Watu wengi hawakumbuki kwamba baada ya kuuawa, Kaizari hapumziki. Maiti inaletwa tena mbele ya umma, inalazwa chini, na hotuba ya Antony inasemwa juu yake. Hotuba hiyo ndiyo watu waliyoijia. Sisimizi wa mwembe wetu walikuwa wameijia sukari.

Nilikaa mstari wa mbele na mama mkwe. Kwanza niliona kidole gumba cha mguu wa marehemu kikijikunja. Kisha mguu wa pili ukausugua wa kwanza. Antony alikuwa ndiyo anaonyesha vidonda, hapa kapiga fulani, hapa kapiga fulani, mara maiti ikajichapa kofi la paja, paa!

"Huyo hajakata roho," akasema mama mkwe, kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kuendesha misiba. "Mgeuzeni kibla."

Antony ni yule muuza samaki. Huyo hajawahi kushindwa na kelele za watu. Akapandisha sauti juu ya vicheko, akasema hata mwili wa Kaizari umekataa kulala kwa hasira dhidi ya wasaliti, na wananchi wa Roma, ambao ni vijana waliofuata wali, wakapiga mayowe ya kweli. Katika maonyesho yote ya usiku ule, hapo ndipo pekee nilipoamini kwamba mji utawaka moto.

Shuka nilizilowesha kwa chumvi, kwa ndimu, kwa dawa ya madoa. Rangi ilitoka katikati ikabaki pembeni. Siku moja nikazikuta hazipo kwenye kamba, na nilipouliza kila mtu alikuwa anatazama kwingine.

Onyesho la pili likawa *Kusadikika*. Hapa Tanga Shaaban Robert ni wa kwetu: alizaliwa Vibambani, jirani na Machui, mwaka 1909, na ukimsema vibaya barazani utajibiwa na watu ambao hawajawahi kufungua kitabu chake. *Kusadikika* kilitoka mwaka 1951. Ni nchi inayoelea angani, na kijana Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria. Katika kujitetea, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotangulia, waliotumwa kila upande, hadi mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuifaa nchi; kila aliyerudi na jema alishukuriwa kwa kutiwa gerezani.

Nchi ya angani ilitengenezwa kwa vyandarua. Vyetu vyote vilifungwa kwenye matawi ya mwembe, na kwa kuwa havikutosha kikaazimwa cha jirani, yaani kilichukuliwa dirishani kwake akiwa sokoni. Ukitazama kwa mbali na taa ikapita kwa nyuma, palikuwa pazuri kweli. Mbu nao walipafurahia, kwa sababu watu tuliokuwa tukilala ndani ya mawingu yale sasa tulilala wazi.

Lakini mbu si kitu. Kusadikika ikiwa jukwaani, kazi iko kwa Karama, maana Karama anasema, na akimaliza anasema. Mume wangu aliichukua sehemu hiyo kwa mapenzi makubwa, akaikariri yote, akawa anaisema akifungua friji za watu. Usiku wa mazoezi ya mwisho yuniti za LUKU zikaisha akiwa kwa mjumbe wa tatu. Giza likaingia ua mzima. Karama akaendelea. Tulikaa gizani tukipigana na mbu na kusikiliza hoja, na nilipowasha mshumaa nikakuta Majivuno kalala, wafungwa wamelala, na Mfalme wa Kusadikika kaenda kwao.

Mimi ni karani wa mahakama. Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wanaojitetea, na nawahakikishia kwamba hata mwenye haki akirefusha sana hakimu huanza kutazama saa. Asubuhi nikachukua muswada wao na kalamu nyekundu.

Mwalimu aliukuta mezani. "Mwanangu," akasema, "Shaaban Robert hakatwi."

"Shikamoo Mwalimu. Naye alikuwa karani."

Na ni kweli. Alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na sidhani kama kuna karani asiyejua kwamba karatasi ikizidi mtu hasomi. Nilimweleza Mwalimu nilichokiona nikiwa nimekaa kwenye mkeka na watu. Shaaban Robert hupenda kulisema jambo, kisha kulirudia kwa sentensi ya pili iliyolingana na ya kwanza, na wakati mwingine ya tatu. Ukiwa na kitabu mkononi unasimama, unarudi nyuma, unaionja tena. Ukiwa mkekani huwezi kumwambia mume wangu arudie. Sikio likichoka linaanza kumsikiliza muuza karanga. Basi nikaacha kila sentensi ambayo mwili wa mwigizaji hauwezi kuifanya kazi yake, nikafuta zilizobaki. Wajumbe wawili wakabaki na simulizi zao kamili. Wanne wakapita kimya nyuma ya chandarua, mmoja mmoja, wakitoka na mzigo na kurudi na pingu. Saa nne zikawa moja na nusu.

Mume wangu alikula ugali siku hiyo bila kunisemesha. Mwishowe akatua tonge.

"Umemkata Kabuli."

"Kabuli atapita nyuma ya chandarua."

"Hana hata neno moja!"

"Ana pingu."

Onyesho lilikwenda vizuri. Kabuli ndiye aliyeliza watu, na aliyemwigiza ni kijana wa mtaani ambaye kama angepewa maneno angeyasahau.

*Adili na Nduguze*, cha mwaka 1952, kilipita haraka. Wanangu wawili wa kiume walipewa unyani. Wanaokijua kitabu wanakumbuka: Adili, liwali wa Janibu, kila usiku huwatoa manyani wawili akawachapa huku akilia, kwa amri ya jini Huria, na manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa tumbo moja. Akimaliza huwalisha. Pilau ilikuwa ya kweli, kwa hiyo manyani walivumilia viboko vya kitambaa kwa subira ya ajabu, na chakula kilipofika hawakuondoka tena jukwaani. Mfalme Rai alikata hukumu yake huku nyani mmoja akifuta sahani kwa kidole.

Manyoya yao yalikuwa ya kahawia, yamepakwa masizi. Mama mkwe, ambaye macho yake usiku ni ya kubahatisha, alitokwa na machozi kwa ajili ya wale wanyama. Kesho yake akaanza kulitafuta blanketi lake la Maskati aliloletewa na marehemu kaka yake. Tulilitafuta wote. Mume wangu alilitafuta kuliko wote, hata juu ya dari.

Jambo moja nililivuna humo. Mwalimu, akiwapa waigizaji somo, aliwaambia kwamba kisa cha Adili kinafanana mno na kisa kimoja cha *Alfu Lela Ulela*, cha liwali wa Basra aliyekuwa akiwachapa kila usiku mbwa wawili ambao ni ndugu zake. Nilikuwa nachambua mchele. Nikauliza, kwa adabu zote, ikiwa Shaaban Robert aliweza kuwageuza mbwa wakawa manyani na watu wakamshukuru, mimi kufuta kurasa chache za Karama kosa langu liko wapi. Mwalimu hakujibu. Lakini ilipofika zamu ya kuchagua onyesho la nne, alisema tuulizwe wanawake.

Sisi tulitaka kucheka. Nikawakumbusha habari ya mwaka 2012, pale jumba la Globe la London lilipoalika vikundi kutoka duniani kote kuigiza tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, na Kiswahili kikapewa ile ya wake wawili wa Windsor. Iliitwa *Wanawake wa Heri wa Winsa*, na Mrisho Mpoto, Mjomba mwenyewe, ndiye aliyekuwa Falstaff. Matini ya kundi lile hatukuwa nayo. Mwalimu akaandika ya kwetu, na mtu yule yule aliyegoma kupunguza jeraha moja la Kaizari akaihamisha Winsa nzima mpaka Ngamiani, Mto Thames ukawa Mto Zigi, na akanikabidhi muswada pamoja na kalamu.

Kwa asiyeijua: bwana mnene asiye na senti anaandika barua moja ya mapenzi, anaipeleka kwa wake za watu wawili. Wanawake wanaonyeshana barua. Wanamwita, mume mwenye wivu anatokea, wanamtumbukiza mnene kwenye kapu la nguo chafu, linachukuliwa na kumwagwa mtoni. Mara ya pili mume anakuja tena, na safari hii analikamata kapu na kulipekua mbele ya mashahidi, nguo moja baada ya nyingine. Mnene hayumo. Anatolewa kwa mlango akiwa amevalishwa nguo za bibi kizee, na mume anamchapa bibi huyo kwa sababu anamchukia kizee mwenyewe.

Mume wangu akawa Falstaff. Kapu lilikuwa tenga la machungwa ya Muheza, kubwa la kumtosha mtu. Kijana mmoja aliagizwa alijaze nguo chafu, naye kwa uvivu akaenda stoo akachukua fungu lililokuwa limefichwa nyuma ya maboksi ya friji. Hakuuliza kwa nini limefichwa.

Mara ya kwanza tenga lilikimeza kitambi vizuri, likafunikwa, wabebaji wakaliinua, na kitako chake kikaachia. Miguu ikatoka chini. Mume wangu, baada ya Karama, alikuwa amejifunza kufupisha: hakusema neno. Alishika kingo kwa ndani akatembea. Tenga likavuka ua kwa miguu yake, likapita mbele ya watu, likaenda Mto Zigi lenyewe, wabebaji wakilifuata nyuma mikono mitupu. Niliona watoto wamelala chini kwa kucheka, na Mwalimu kashika mwembe.

Kisha ikaja mara ya pili. Mume mwenye wivu ni yule wa bodaboda, kijana mwenye nguvu. Akalipindua tenga, akaanza kurusha nguo juu. "Yuko wapi? Mnanificha nini humu?"

Ikaruka shuka nyeupe yenye ukingo mwekundu.

Shangazi yangu wa Pangani alikuwa amekuja kututazama. Akasimama. "Mwanangu, hizi si zile nilizokupa?"

Likaruka dera la wifi. Kikaruka chandarua cha jirani, na jirani akajua sasa mwizi wake wa dirishani ni nani. Kijana hakusimama, maneno yake ya kuigiza yakawa yanaangukia mahali pake hasa: "Nyumba hii ina siri! Kila mtu anajua ila mwenye mali!" Watu wakamjibu kwa mayowe. Mwisho akavuta kitu kizito cha kahawia, na kilipofunguka hewani kilikuwa na mikono, miguu na mkia.

Kwa muda mama mkwe alikitazama tu. Halafu akainuka na bakora yake, akapanda jukwaani, akalishika blanketi kwa mkia, akaunusa. "La Maskati," akasema.

Wale wauguzi wawili, wake wa Winsa, sitawasahau. Hawakutoka kwenye igizo hata kidogo. Mmoja alimletea mama mkwe ile mbuzi ya kukunia nazi akamkalisha, mwingine akapiga magoti. "Bibi, ndiyo waume tulionao sisi hapa Winsa."

Na hapo hapo, kwa kufuata muswada, mlango ukafunguliwa na bibi kizee mnene akatoka kapitisha mkono usoni, kavaa baibui. Baibui la mama mkwe, la Ijumaa.

Kwa mujibu wa Shakespeare kipigo kile ni cha mume mwenye wivu. Kijana wa bodaboda alipiga viwili vitatu vya kuigiza, akaona kazi yake imechukuliwa na anayeiweza zaidi, akasogea pembeni kwa heshima. Mume wangu alikimbia kuuzunguka mwembe, kitambi mbele, baibui kaliinua magotini, na mama yake nyuma. Hakuna aliyedhani ni ajali. Mpaka leo watu wananisimamisha sokoni kumsifu yule bibi mzee, wanauliza tulimpata chuo cha sanaa cha Bagamoyo au wapi.

Madeni yamelipwa kwa namna. Friji ya jirani imejazwa gesi bila malipo, ya shangazi imefuatwa Pangani ikabadilishwa kompresa. Blanketi lilishonwa upya bila mkia, lina mshono katikati, na mama mkwe analitumia. Kashika pia sehemu: tamthilia ya Winsa ikirudiwa, yeye anataka apande mapema zaidi na aongezewe maneno. Nimempa maneno manne. Kwa hukumu yangu mimi niliyekaa mstari wa mbele usiku wote, hiyo ndiyo ya kurudiwa. *Kusadikika* baada yake, ikiwa fupi. *Adili* ingoje watoto washibe kwanza. Na Kaizari apumzike.

Msimu ujao Mwalimu amepata *Mfalme Edipode*, ile ya Sophocles aliyoitafsiri Samuel Mushi mwaka 1971. Mfalme anajitoboa macho, kwa hiyo damu ipo tena, ila rozela haitatiwa sukari. Mwenye shuka asizozihitaji alete barazani kwetu, aandike jina pindoni kwa wino usiotoka. Kiingilio hakuna, na kila mtu aje na kiti chake.